Kidole changu kilidhani kimehifadhi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, maji yalizidi unga huku kazini. Leo nimepata nafasi, na nina deni la kulipa.

Juzi kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya miezi mitatu alisimama nyuma ya kiti changu akinitazama nikihariri msimbo kwa Vim. Alitazama weee, mwisho akasema, "Kaka, naomba hiyo faili yako ya .vimrc." Nikamwambia nitampa, lakini kwanza nimsimulie jambo. Nadhani aliona namzungusha. Kisa chenyewe ni kirefu, saa ya chakula haikutosha, kwa hiyo nakiandika hapa. Kijana wangu, ukisoma hii, faili utaipata. Soma kwanza.

Kwa wale ambao si wa ukoo wetu: Vim ni kihariri, programu ya kuandikia maandishi matupu, hasa msimbo. Kwa kawaida haitegemei vibonye vya kubofya kwa kipanya kama zile nyingine. Karibu kila kitu hufanywa kwa kibodi. Ukiwa katika hali ya kawaida, herufi haziandiki, zinaamuru: x inafuta herufi, dd inafuta mstari mzima, w inarukia neno linalofuata. Ukibonyeza i unaingia katika hali ya kuandika, na ukibonyeza Esc unatoka. Mgeni huchanganyikiwa siku ya kwanza, na wengi hushindwa hata kuifunga. Mimi niliifunga kwa kuzima mashine.

Hiyo ilikuwa mwaka 2017, chuoni, nikisomea sayansi ya kompyuta. Nilipoifungua bila faili, katikati ya skrini iliniomba niwasaidie watoto maskini wa Uganda. Nilishangaa. Programu inayotumika dunia nzima, na jirani yetu ametajwa mlangoni! Baadaye nikajua kwamba mwandishi wake, Bram Moolenaar wa Uholanzi, alikuwa amejitolea kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania. Programu aliitoa bure tangu 1991, akaomba tu kwamba anayeipenda akumbuke watoto wa kule. Marehemu alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Sijawahi kukutana naye, lakini siku ile nilikaa kimya kidogo mbele ya skrini.

Turudi kwenye mambo yetu. Raha kubwa ya Vim ni kwamba unaweza kukipa kitufe kazi nyingine kabisa. Unaandika mstari mmoja ndani ya .vimrc, na kuanzia hapo kitufe kinakutii wewe. Kwa mfano:

nnoremap <C-s> :w<CR>
inoremap <C-s> <Esc>:w<CR>a

Mstari wa kwanza unasema: nikiwa katika hali ya kawaida, nikibonyeza Ctrl na S, andika amri ya :w kisha Enter, yaani hifadhi faili. Wa pili unafanya vivyo hivyo nikiwa katikati ya kuandika, halafu unanirudisha kuandika. Herufi ya kwanza ndiyo inayotaja hali: n ni ya kawaida, i ya kuandika, v ya kuchagua, c ya mstari wa amri. Ukisahau hilo, utakuta njia yako ya mkato inafanya kazi mahali ambapo hukuitaka.

Lile neno noremap nalo lina sababu yake. Kuna map, na kuna noremap. Map ya kawaida, ikikuta ndani ya kazi uliyoipa kitufe kingine chenye njia ya mkato, inafuata na hiyo pia. Siku moja nilitaka kila nikipanda juu kwa k, skrini ijipange kwanza ili mstari niliopo ukae katikati. Nikaandika:

nmap k zzk

Nikabonyeza k. Vim ikajipanga kwa zz, ikakutana na k, ikaona k maana yake ni zzk, ikajipanga tena, ikakutana na k... Ilizunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake hadi nikaikata kwa Ctrl-C. Kwa nnoremap, ile k ya mwisho inabaki k ya asili na mambo yanaisha. Kosa hilo halikuumiza mtu. Lilikuwa la kuchekesha, na nilijifunza kwa dakika tano.

Lile la pili ndilo nililotaka kusimulia.

Kufikia 2021 nilikuwa na njia za mkato sitini na saba. Nilizihesabu baadaye, nikiwa na aibu. Nyingine nilizibuni mwenyewe, nyingi nilinakili kwa watu. Nilijivunia. Mtu akikaa kwenye laptopu yangu alishindwa hata kuandika barua, nami nilicheka. Ile ya Ctrl-S niliipenda kuliko zote, maana ndiyo niliyoitumia zaidi. Kila baada ya sentensi mbili, Ctrl-S. Hata nikifikiri tu, Ctrl-S. Ilifika mahali sikuibonyeza mimi. Kidole kilijibonyezea chenyewe.

Ila kulikuwa na kitu nilichokuwa nimekisahau. Nilipoiweka mara ya kwanza ilikataa kufanya kazi. Nikatafuta, nikaona mtu ameshauri kuongeza mstari huu katika .bashrc:

stty -ixon

Nikauongeza, njia ya mkato ikafanya kazi, nikaendelea na maisha. Sikuuliza mstari ule unafanya nini.

Wakati huo kampuni ndogo niliyofanyia kazi ilikuwa inatunza mfumo wa malipo wa ushirika mmoja wa maziwa upande wa Nyandarua. Mkulima analeta maziwa asubuhi, karani anapima, lita zinaingia kwenye mfumo. Tarehe 5 ya kila mwezi, saa nane usiku, kazi ya cron inaamka kwenye seva, inazidisha lita za mwezi uliopita kwa bei, inatoa makato ya chakula cha ng'ombe na mkopo, kisha inatengeneza orodha ya malipo. Asubuhi kila mkulima anapata ujumbe kwenye simu. Bei yenyewe ilikaa katika faili ndogo ya mipangilio yenye mistari kumi na miwili.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 2021, kama saa tatu hivi, Katibu wa ushirika alinipigia simu. Komiti ilikuwa imekaa jioni na kuamua kwamba bei ya Oktoba ipande kutoka shilingi 38 hadi 41 kwa lita. Wanachama walikuwa wamengoja nyongeza hiyo kwa muda mrefu, na wengine walishaambiwa. "Naomba usisahau, malipo ni usiku huu," akasema. Nikamwambia, "Katibu, lala usingizi. Dakika mbili tu."

Na kweli zilikuwa dakika mbili. Nikaingia kwenye seva kwa SSH, nikafungua faili kwa vi, nikaenda kwenye mstari wa bei, nikafuta 38, nikaandika 41. Kidole kikabonyeza Ctrl-S.

Skrini ikaganda.

Nikabonyeza vitufe viwili vitatu, kimya. Nikabonyeza Enter, kimya. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na ninyi mnajua mtandao wetu na mvua. Nikasema, haya, umeanza. Nilikuwa nimechoka. Namba 41 niliiona kwa macho yangu kwenye skrini, na Ctrl-S nilikuwa nimeshaibonyeza kabla mambo hayajaganda. Kwa hiyo kazi ilikuwa imekwisha. Nikalifunga lile dirisha jeusi, nikafunga laptopu, nikalala.

Asubuhi, saa nne, Katibu akapiga tena. Safari hii sauti ilikuwa nyingine. "Uko na nafasi? Kuna mzee hapa na daftari lake."

Mzee alikuwa amepokea ujumbe: lita 274, shilingi 10,412 kabla ya makato. Yeye ana daftari la shule la kurasa 96 ambalo huandika lita zake kila asubuhi. Alikuwa amesikia bei mpya ni 41. Akachukua kalamu akazidisha, akapata 11,234. Zimepungua shilingi 822. Akazidisha tena. Kisha akavaa koti, akaja ofisini.

Nilianza kwa kubisha. Nilimwambia Katibu faili niliibadilisha mwenyewe, labda mzee amekosea hesabu. Ndugu msomaji, usifanye hivyo. Mtu mwenye daftari na kalamu hana mtandao wa kusingizia. Niliingia kwenye seva, nikafungua ile faili, na Vim ikanipokea na onyo lenye namba E325: kuna faili ya akiba ya uhariri ambao haukumalizika.

Tafsiri yake ni hii. Vim unapohariri huweka nakala ya mabadiliko pembeni, katika faili inayoishia na .swp. Uunganisho ukikatika kabla hujahifadhi, Vim inakufa lakini inaacha ile akiba ili uweze kuokoa kazi yako. Nikachagua kuokoa. Nikaona 41. Nikafungua faili halisi, ile ambayo cron iliisoma saa nane usiku. Nikaona 38.

Namba niliyoiona usiku ilikuwa kwenye skrini tu. Haikuwahi kufika kwenye diski.

Sasa ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuuliza miaka minne kabla: stty -ixon ni nini?

Zamani, kabla ya skrini, watu waliongea na kompyuta kwa mashine za kuchapa kwenye karatasi. Teletype Model 33 ya mwaka 1963 ni maarufu katika hizo. Mashine zilikuwa za polepole, na ilibidi kuwe na njia ya kumwambia wa upande wa pili "ngoja" na "endelea". Zikatengwa herufi mbili za udhibiti katika ASCII: namba 19 ni ya kusimamisha, namba 17 ni ya kuendelea. Kwenye kibodi, namba 19 ni Ctrl-S na namba 17 ni Ctrl-Q. Dirisha jeusi la Linux limerithi tabia hiyo mpaka leo. Ukibonyeza Ctrl-S kwenye dirisha ambalo halijabadilishwa, linaacha kuonyesha chochote. Halijaharibika, limetii. Ukibonyeza Ctrl-Q linaendelea pale pale.

Mstari wa stty -ixon ndio unaozima utii huo. Kwenye laptopu yangu ulikuwepo. Kwenye seva ya ushirika haukuwepo, na .vimrc yangu haikuwepo pia. Seva ilikuwa ya CentOS 7, yenye Vim 7.4 ya mwaka 2013. (Vim za miaka ya karibuni huzima tabia hiyo zenyewe zikiwa wazi, lakini kwenye ganda la kawaida bado ipo. Jaribu ujionee.) Kidole changu kilitoa amri kikidhani kinasema "hifadhi". Seva ikasikia "nyamaza", ikanyamaza. Ningebonyeza Ctrl-Q mara moja tu, ningeona mambo yote. Nilikuwa sijui kwamba kuna cha kubonyeza.

Pesa zenyewe zilirekebishika. Tuliendesha hesabu ya tofauti, na kufikia Jumanne kila mtu alikuwa na shilingi tatu zake kwa kila lita. Lakini kuanzia Ijumaa hadi Jumanne ni siku nyingi kijijini. Mtu akiahidiwa 41 akapokea 38, hasemi kwamba kuna kidole kimekosea Nairobi. Anasema wamekula. Na aliyekula ana jina: ni Katibu, maana ndiye anayeonekana ofisini. Wanachama wawili waliacha kuleta maziwa, wakaanza kumuuzia broka wa barabarani anayelipa papo hapo.

Jumatatu nilipanda matatu nikaenda mwenyewe. Mkubwa wangu hakunituma. Nilisimama mbele ya wanachama kama arobaini hivi, nikawaambia kosa ni langu, komiti haikugusa chochote. Jaribu siku moja kuwaeleza wafugaji habari za Ctrl-S. Mwisho nikasema tu: "Niliandika bei mpya, lakini sikuiweka kwenye kabati. Niliiacha mezani, upepo ukaichukua." Wakaelewa.

Yule mzee wa daftari alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akauliza, bila hasira, "Kijana wangu, wewe ukishaandika husomi ulichoandika?" Akanionyesha. Kila asubuhi karani akipima, mzee anaandika, kisha anamsomea karani kwa sauti ile namba kabla hajaweka sahihi. Kila siku, miaka nenda miaka rudi. Sikuwa na jibu. Mmoja wa wale wanachama wawili alirudi baadaye. Mwingine hakurudi.

Usiku huo nilipofika nyumbani nilifungua .vimrc yangu nikaanza kufikiri vizuri. Swali halikuwa kama njia za mkato ni mbaya. Bado nazipenda. Swali lilikuwa: kwa nini kosa hili lilipita bila kelele?

Jibu nililopata ni kwamba kwenye kibodi hakuna kitufe kitupu. Kila kimoja kilikuwa na kazi kabla mimi sijazaliwa. Bill Joy alipoandika vi pale Berkeley mwaka 1976 alitumia kituo cha ADM-3A, ambacho Esc yake ilikuwa pale ambapo sisi tuna Tab, na mishale yake ilikuwa imechorwa juu ya herufi h, j, k, l. Ndiyo maana tunasogea kwa hjkl mpaka leo, na ndiyo maana Esc iko mbali hivi na wengi wanaitafutia njia ya mkato kama jj. Kwa hiyo ukikipa kitufe kazi mpya, hukukipa kazi kisichokuwa nayo. Umeifunika ya zamani. Ukihamia mashine nyingine, kile kifuniko kinabaki nyumbani, na kitufe kinafanya kazi yake ya zamani bila kukuuliza. Aliyezoea jj ataacha jj mbili katikati ya faili. Aliyezoea Ctrl-S atagandisha skrini. Mashine haitoi kosa kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa.

Amri uliyoitunga mwenyewe haiko hivyo, na hapa ndipo nilipobadilika. Vim hukuruhusu kutunga amri yenye jina. Sharti ni kwamba jina lianze kwa herufi kubwa, ili lisigongane na amri za Vim yenyewe. Zangu nimezipa majina ya Kiswahili:

command! -range=% Safisha <line1>,<line2>s/\s\+$//e
command! Tarehe put =strftime('%Y-%m-%d')
command! -nargs=1 Tafuta vimgrep /<args>/j **/*.py | copen

Ya kwanza inaondoa nafasi tupu mwishoni mwa mistari. Ile -range=% inasema kwamba nisipotaja mistari, ichukue faili nzima, na nikichagua mistari mitano, ishughulike na hiyo mitano tu. Ya pili inaweka tarehe ya leo chini ya mstari niliopo. Ya tatu inapokea neno moja, mfano :Tafuta mkulima, inalitafuta katika faili zote za Python za mradi, kisha inanifungulia orodha.

Sasa nipeleke mazoea haya kwenye seva isiyonijua. Nikiandika :Safisha, Vim inanijibu kwa E492, kwamba hiyo si amri ya kihariri. Basi. Hakuna kilichofutwa, hakuna kilichoganda, na mimi nimeambiwa wazi kwamba niko ugenini. Jina lisilojulikana hulalamika. Kitufe kisichojulikana hufanya kingine na kukaa kimya. Ukiniuliza nilichojifunza kwa gharama ya watu wengine, ni hicho tu.

Ndiyo, kuandika :Safisha ni herufi nyingi kuliko kubonyeza kitufe kimoja. Lakini ni jambo ninalofanya mara nne kwa siku. Sekunde hizo nazimudu. Na mwenzangu akikaa kwenye mashine yangu, anasoma jina anaelewa.

Kwa hiyo kijana wangu, haya ndiyo masharti ninayoifuatia .vimrc yangu siku hizi:

1. Njia ya mkato ni kwa kitu ninachofanya mara kadhaa kila saa. Kingine chochote, hasa kinachogusa mistari mingi kwa mpigo, kinakuwa amri yenye jina.

2. Sigusi kitufe chenye maana nje ya Vim. Ctrl-S, Ctrl-Q, Ctrl-Z na Ctrl-C ni mali ya dirisha, si yangu.

3. Zangu zote zinaanza na kitufe kimoja cha utangulizi, kile Vim inachokiita leader. Mimi natumia nafasi, kwa mstari wa let mapleader = " ". Herufi inayofuata naichagua iwe ya kusogeza tu. Kuhifadhi ni nafasi kisha w. Kwenye seva isiyonijua, nafasi inasogeza kielekezi hatua moja na w inakirusha neno moja mbele. Sijapoteza kitu. Ningechagua nafasi kisha x, ningefuta herufi katika faili ya watu.

4. Kila mara noremap, isipokuwa kama nina sababu ninayoweza kuieleza.

5. Juu ya kila mstari naandika maelezo: unafanya nini na kwa nini niliuweka. Nisipoweza kueleza, naufuta. Nikisahau njia ya mkato imetoka wapi, :verbose nmap ikifuatiwa na kitufe hicho inanionyesha ni faili gani iliyoiweka.

6. Ijumaa asubuhi nafanya kazi saa moja kwa vim --clean, bila mipangilio yangu yoyote. Inakera kama kuvaa viatu vya mtu. Lakini mikono inakumbuka lugha ya asili, na nikienda ugenini sitafuti mkalimani.

Njia za mkato sitini na saba zimebaki kumi na moja. Amri zenye jina ni tisa. Na ule mfumo wa malipo tuliurekebisha pia: kabla orodha haijatoka, Katibu anapata ujumbe wenye bei ya mwezi, na pasipo jibu lake hakuna malipo. Ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo, maana kidole cha mtu mmoja hakitoshi kubeba maziwa ya wakulima mia sita.

Jambo la mwisho halimo kwenye .vimrc. Ukihifadhi kwa :w, chini ya skrini Vim huandika jina la faili, idadi ya mistari na neno written. Kwa miaka minne maneno hayo yalipita mbele ya macho yangu kila siku bila kuyasoma. Usiku ule hayakutokea, na sikugundua kwamba hayakutokea, kwa sababu nilishaacha kuyangoja. Siku hizi nikiwa kwenye seva ya mtu nayasoma kwa sauti. Wenzangu ofisini hunicheka. Kisha natoka, naifungua faili upya, nasoma na namba yenyewe.

Mzee yule bado analeta maziwa, Katibu aliniambia. Yuko kwenye daftari la pili sasa.

Haya, kwa leo naishia hapa. Kijana wangu, faili iko kwenye folda ya pamoja. Usiinakili yote. Chukua mstari mmoja, uutumie wiki nzima, ujue unafanya nini, ndipo urudi kuchukua wa pili. Tuonane tena, mvua ikituachia mtandao.